Deni la Pembe, Deni la Sikukuu

Enzi za misafara, biashara ya Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikwenda kwa mkopo. Mfanyabiashara alichukua vitambaa, shanga na bunduki kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu. Mfanyabiashara Tippu Tip alikopeshwa na Taria Topan, mmoja wa matajiri hao, akarudi pwani mwaka 1882, baada ya miaka zaidi ya 10 bara. Mkopeshaji wa kungoja hivyo leo humpati.

Katika Katubuka ya sasa, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, sikukuu ikikaribia, vitenge na viatu vya watoto huwasukuma watu kwenye “kausha damu”, mikopo ya marejesho ya kila siku au wiki. Wajanja hucheza upatu mapema, wakamwomba kijumbe, msimamizi wa mchezo, zamu yao iangukie karibu na Idi au Krismasi. Aliyekwisha kukopa huzipeleka fedha za zamu hiyo kwenye deni lenye riba kali. Nguo mpya zitasubiri.