Nuru juu ya vitambaa vya Haarlem

Tumezoea kufundishwa ya kuwa nuru ndani ya picha ni mfano wa neema. Kwa picha za watakatifu ni kweli. Lakini tutazame picha moja isiyo na mtakatifu: mji wa Haarlem, katika Uholanzi, uliochorwa kwa rangi za mafuta na Jacob van Ruisdael, kati ya miaka 1670 na 1675 hivi. Inatunzwa Mauritshuis, mjini The Hague. Si kubwa: urefu na upana wake havifiki sentimeta 65.

Mchoraji anatusimamisha juu ya vilima vya mchanga. Mbingu yenye mawingu inashika karibu theluthi mbili ya picha. Chini yake nchi imelala tambarare, haina mlima wala bonde, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mawingu yanatupa vivuli, jua linapenya katikati: kipande cha giza, kipande cha mwangaza, tena giza, tena mwangaza, hata mwisho wa macho. Jicho linakwenda kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Mbali kabisa linaonekana kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo. Mwaka 1559 lilifanywa kanisa la askofu. Mwaka 1578 Waprotestanti walilitwaa. Siku za Ruisdael Wakatoliki walisali Misa ndani ya nyumba za siri. Wachoraji nao waliuza kazi zao zaidi kwa watu wa mji, si kwa altare.

Sisi Wakatoliki tungependa jua liangukie kanisa lile. Lakini mwangaza mkubwa umewekwa karibu, shambani, watu wanapotandaza vitambaa virefu vya kitani. Haarlem ulisifiwa kwa kazi hiyo, maana maji ya vilima vile yalikuwa safi. Vitambaa vililowekwa katika maji ya majivu, na katika maziwa yaliyoondolewa siagi, kisha vikaachwa juu ya majani, juma kwa juma, vigeuzwe vyeupe na jua. Aliyewahi kufua na kuanika vitambaa vya altare anafahamu.

Wengine wanasema nuru hii ni utakaso wa roho. Tunaona wanaharakisha mno. Jua hili ni mfanyakazi kati ya wafanyakazi. Wingu likilifunika, vitambaa vinangoja.

Ruisdael alizikwa mwaka 1682, ndani ya kanisa lilelile la Mtakatifu Bavo.