Mrija wa Pumzi: Kutoka Kidole cha Macewen Hadi Kamera

Julai 1878, mjini Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen alikuwa na mgonjwa mwenye saratani kwenye shina la ulimi. Uvimbe ulipaswa kukatwa, lakini ilihofiwa kwamba damu ingeteremka mapafuni mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa klorofomu. Desturi ya wakati huo ilikuwa kutoboa shingo. Macewen alichagua njia nyingine. Mgonjwa akiwa macho, alimwingizia kidole kinywani, akapapasa mpaka akakifikia kile kifuniko kinachozuia tonge lisiingie kwenye njia ya hewa, kisha akauteleza mrija pembeni ya kidole hadi ndani. Klorofomu ikapitia humo, na kisu kikafanya kazi yake.

Wazo lenyewe lilikuwa la kale. Ibn Sina, katika Al-Qanun ya karne ya 11, alitaja mrija wa dhahabu au fedha wa kumpitishia kooni mtu anayeshindwa kupumua. Na huko New York, miaka ya 1880, Joseph O'Dwyer aliwaokoa kwa mirija midogo watoto waliokuwa wakikabwa na dondakoo. Macewen na O'Dwyer wote walitegemea kupapasa.

Jicho lilifika mwaka 1895, Alfred Kirstein wa Berlin alipoonyesha kwamba nyuzi za sauti zinaweza kutazamwa moja kwa moja kwa kifaa chenye taa. Robert Miller akakiletea kifaa hicho ulimi wa chuma ulionyooka mwaka 1941. Miaka miwili baadaye Robert Macintosh wa Oxford akaleta uliopinda, na huo ndio ulioenea duniani.

Lakini hadi hapo mrija ulikuwa hasa wa chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa ameandaliwa na ana akiba ya pumzi. Agosti 1952, polio ilipoishambulia Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alimwingizia mrija msichana wa miaka 12 kupitia tundu la shingoni, akamsukumia hewa kwa mkono. Mamia ya wanafunzi wa udaktari wakafuata, wakiminya mifuko ya hewa kwa zamu usiku na mchana. Kwangu mimi hicho ndicho kituo kikuu cha njia hii yote, kwa sababu ndipo ufundi wa chumba cha upasuaji ulipohamia wodini. Huko mgonjwa hana akiba: shinikizo la damu liko chini, mapafu yamejaa, na kila sekunde ya kuutafuta mlango wa njia ya hewa inamla.

Ukubwa wa hatari hiyo ulionekana mwaka 2021, utafiti wa nchi 29 ulipowafuatilia wagonjwa mahututi 2,964 waliowekewa mrija. Asilimia 45.2 walipata angalau tatizo moja kubwa, na lililoongoza lilikuwa kuyumba kwa mzunguko wa damu. Moyo ulisimama kwa asilimia 3.1.

Je, kamera kwenye ncha ya kifaa cha kutazamia koo ingewaokoa? Mwaka 2017 utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 371 haukuona kwamba inaongeza mafanikio ya jaribio la kwanza. Mwaka 2023 ukaja mkubwa zaidi kutoka Marekani, wenye wagonjwa 1,417, ambapo wengi wa waliouweka mrija walikuwa madaktari walio bado mafunzoni. Kwa kamera, jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 85.1, kwa jicho tupu, asilimia 70.8. Pengo hilo si dogo, nami nasimama upande wa kamera. Hata hivyo matatizo makubwa yalikuwa karibu sawa: asilimia 21.4 na 20.9.

Mwaka uliofuata Marekani hiyohiyo ilipima jambo la kabla ya mrija. Kati ya wagonjwa waliopewa hewa ya oksijeni kwa shinikizo, kupitia barakoa inayobana uso, asilimia 9.1 walipungukiwa oksijeni. Kati ya waliopewa barakoa ya kawaida ilikuwa asilimia 18.5. Hatari ilipungua kwa nusu kabla hata kinywa hakijafunguliwa.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti za hospitali wanunue kamera. Lakini kwanza wahakikishe oksijeni haikatiki wodini, na kwamba kila kitanda cha mgonjwa mahututi kina kifaa cha kupima kabonidaioksaidi inayotoka mapafuni, maana ndicho kinachothibitisha kwamba mrija umeingia kwenye njia ya hewa, si ya chakula.