Mipaka ya maeneo bunge: mfano wa Kibera na Kawangware

UCHORAJI wa mipaka ya uchaguzi kwa kupendelea upande mmoja ni hila kongwe. Mwaka 1812, Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts, Marekani, aliidhinisha ramani yenye wilaya ya uchaguzi iliyojipinda mfano wa mjusi, na wapinzani wakaibandika hila hiyo jina lake. Mbinu ni mbili: kuwarundika wafuasi wa mpinzani katika eneo moja, ama kuwatawanya wasiwe wengi popote.

Nchini Kenya kazi hii ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), wala si ya wabunge. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kiliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290. Mijini, idadi ya wakazi yaweza kuzidi wastani, au kupungua, kwa hadi asilimia 40. Nafasi ya kutosha kwa mchoraji.

Mwaka 2012 viti vya Nairobi viliongezwa kutoka 8 hadi 17. Kibera ilitolewa Lang'ata, iliyowakilishwa na marehemu Raila Odinga tangu 1992, ikawa eneo bunge la Kibra. Mtaa jirani wa Nyayo Highrise ukabaki Lang'ata. Tangu hapo Kibra haijamchagua mbunge asiye wa ODM, hata katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, ilhali Lang'ata ilinyakuliwa na Jubilee 2017 kabla ya kurejea ODM 2022. Kwa hiyo mwaniaji wa Kibra huogopa mchujo wa chama kuliko siku ya kura.

Dagoretti nayo ilikatwa mara mbili. Kawangware na Gatina ziliwekwa Kaskazini pamoja na Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya wenye nacho. Riruta na Waithaka zikaenda Kusini. Kaskazini imechagua ODM mara tatu mfululizo. Kusini ilichagua TNA 2013, Jubilee 2017 na UDA 2022. Kudai kwamba tume ilikusudia hayo kungehitaji ushahidi, lakini athari yake i wazi.

Katiba hutaka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Makataa ya Machi 2024 yalipita IEBC ikiwa haina makamishna tangu Januari 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025, wakairithi ramani ya 2012.