Siafu wa Mlima Kenya na Majina Yao

Katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Embu, Chuka na Meru, ni vigumu kumpata mtoto asiyemjua siafu. Mvua ziingiapo, jeshi lao hutoka ardhini likakata njia na mashamba mfano wa mkanda mweusi unaotambaa. Nyumba iliyo njiani mwao huhamwa usiku wa manane, baba amebeba mtoto na mama amebeba blanketi; na kuku waliofungiwa kizimbani hukutwa asubuhi wamebaki mifupa na manyoya. Watu humwaga majivu ya moto na mafuta ya taa kizingitini, kisha hungoja wageni wapite. Siafu hao waumao ni wafanyakazi: hawana mabawa, wala macho hawana.

Usiku kama huohuo, taa ikiwashwa barazani, aghalabu huja mdudu mwingine asiyefanana nao hata kidogo. Huyu ni mnene, wa rangi ya hudhurungi, ana mabawa na macho makubwa, na tumbo lake ni refu kama kipande cha soseji. Naam, Wazungu wa Kenya walimpa jina kwa chakula hicho. Huzunguka taa kwa kelele, hujigonga, huanguka, wala haumi mtu. Mwenye nyumba angeambiwa kwamba mdudu huyo na wale waliokula kuku wake ni watoto wa mama mmoja, yumkini angecheka. Lakini wataalamu wakubwa wa Ulaya nao hawakulijua jambo hilo kwa muda wa miaka themanini na zaidi, na habari ya jinsi walivyolijua ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Desturi ya kukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, la kwanza la jenasi na la pili la spishi, iliwekwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Mwaka 1764 mtaalamu huyo alichapisha kitabu cha kuorodhesha wadudu na vitu vingine vilivyokuwamo katika hazina ya Malkia Lovisa Ulrika. Miongoni mwao alikuwamo mdudu mmoja mwenye mabawa aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Linnaeus alimtazama akamwita Vespa helvola, yaani nyigu. Kosa hilo tusilicheke. Siafu dume kweli ana umbo la nyigu, na siafu wote ni wa ukoo mmoja na nyigu. Mwaka 1793 Fabricius, aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, alimtoa mdudu huyo katika kundi la nyigu akamfanyia jenasi mpya, Dorylus. Hata hivyo hakuna aliyejua mke wake yu wapi, wala kama anaye.

Mwaka 1840 Mwingereza aitwaye Shuckard aliandika uchambuzi mrefu juu ya madume hayo, akahisi kwamba huenda wakawa jamaa ya siafu. Katika mwaka huohuo, kwa mkono wake mwenyewe, aliwaeleza wafanyakazi wasio na macho kutoka Afrika Magharibi akawaita Anomma, neno la Kiyunani lenye maana ya kukosa macho. Alikuwa na dume katika sanduku moja na mfanyakazi katika sanduku jingine, asijue kwamba ni wa nyumba moja! Miaka ishirini na mitatu baadaye, mwaka 1863, Gerstäcker wa Berlin alipata kutoka Java jike mkubwa asiye na mabawa, akamtungia jenasi ya tatu, Dichthadia. Huyo alikuwa malkia wa wadudu wa namna hiyohiyo. Basi baba alikuwa na jina lake, mama lake, na watoto lao. Chanzo chake ni chepesi kueleza: mdudu aliyekufa na kuchomwa sindano hasemi ametoka nyumba gani.

Aliyeanza kulifumbua fumbo hilo hakuwa mtu wa makumbusho. Thomas Savage alikuwa mmisionari na daktari kutoka Marekani aliyekaa Cape Palmas nchini Liberia. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1847 alishirikiana na mwenzake Wyman kumweleza sokwe mkubwa aitwaye gorila. Savage aliishi mahali ambapo siafu hupita mlangoni, akawafuata na kuwatazama. Mwaka 1849 alitoa habari kwamba amewaona madume ya Dorylus ndani ya msafara wa wafanyakazi wa Anomma. Siku hizi twajua sababu. Dume huruka usiku akitafuta msafara wa siafu, naye akiufikia, wafanyakazi humkamata, humkata mabawa kwa meno, na kumpeleka kwa malkia. Mwaka 1895 Emery, Mwitalia, aliwakusanya wote chini ya jina moja la Dorylus, kwa kuwa jina lililotangulia ndilo lenye haki. Anomma likabaki jina la tawi tu.

Sasa turudi Kenya. Miongoni mwa spishi za tawi hilo zinazopatikana nchini humo, tutaje mbili. Ya kwanza ni Dorylus molestus, iliyopewa jina na Gerstäcker mwaka 1859 kwa siafu wa Msumbiji. Maana yake ni msumbufu, na mkulima wa Nyeri hatalipinga jina hilo. Ya pili ni Dorylus wilverthi, iliyopewa jina na Emery mwaka 1899 kwa heshima ya ofisa mmoja wa Kibelgiji katika Kongo. Tangu miaka ya 2000 Mlima Kenya umekuwa shule ya wachunguzi wa siafu. Mwaka 2005 Schöning, Njagi na Franks walichapisha habari za namna makundi ya molestus yanavyohama msituni kutoka kiota hadi kiota. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2004, ulionyesha kuwa malkia mmoja wa spishi hiyo hupandwa na madume zaidi ya kumi na matano kwa wastani.

Malkia hana mabawa. Kundi ligawanyikapo, malkia mpya huondoka kwa miguu pamoja na sehemu ya wafanyakazi, hivyo hawezi kwenda mbali. Dume peke yake ndiye arukaye, na dume hachagui sana mlango wa kubisha. Mwaka 2011 Kronauer na wenzake walieleza kwamba katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, molestus na wilverthi wamezaliana, wakapatikana machotara. Walipochunguza urithi unaotoka kwa mama pekee, waliona kwamba unaonyesha zaidi mahali siafu alipotoka kuliko spishi yake. Urithi utokao kwa wazazi wote wawili ndio uliozitenganisha spishi hizo, tena si kwa ukamilifu. Siafu chotara aokotwaye katika msitu huo ana mama wa jina moja na baba wa jina jingine, naye mwenyewe hana jina katika orodha iliyoanzishwa na Linnaeus.