Utabiri Unaishia Wapi?

Kimbunga kilichotufikia Mei 2024 kiliitwa Hidaya, yaani zawadi. Zawadi gani kwa watu wa Rufiji na Kibiti, ambao mwezi mmoja tu kabla mafuriko yalikuwa yamefunika mashamba na nyumba zao?

Hata hivyo, hakikuja kwa kushtukiza. Kituo cha Wafaransa katika kisiwa cha Réunion, ambacho tangu 1993 kimekabidhiwa kazi ya kufuatilia vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, kilikuwa kikikitazama. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, na Mei 4 kilipofika Mafia, onyo lilikwisha kutangazwa.

Ushirikiano huo una historia. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977, Tanzania ililazimika kuanzisha yake. Wakati huo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa na mpango, uliobuniwa 1967, wa kuzipatia nchi changa vifaa na mafunzo. Uliitwa mpango wa msaada wa hiari. Mwaka 1979 ukaitwa wa ushirikiano wa hiari.

Mimi naona jina la pili ndilo la haki. Wingu halijui mpaka. Wenye satelaiti wanahitaji vipimo vya mvua na upepo kutoka kwetu, kama sisi tunavyohitaji picha zao.

Lakini mhisani hukomea ofisini. Kutoka hapo hadi kwenye dungu la mkulima wa mlau, anayepanda maji ya mto yakishapungua, au kwa mvuvi wa kamba kwenye mikoko ya delta, kazi ni yetu: watangazaji, watendaji na wenyeviti wa vijiji.

Nakiri kosa langu. Mara nyingi nimesoma studioni maneno "mvua za wastani hadi juu ya wastani" bila kujiuliza yatamfaa nini mtu wa Rufiji. Yeye anauliza: maji yatapanda lini? Nihame au nibaki? Nihamie wapi?

Tusipomjibu kwa lugha yake, na mapema, satelaiti ya mwenzetu itabaki kutupiga picha tu tukizama.