Udongo mweusi: neema ya malisho, adha ya wajenzi

Johannesburg, Afrika Kusini

Msafiri anayetoka Johannesburg kuelekea kaskazini-magharibi huanza safari yake juu ya mwamba mgumu wa Witwatersrand, ambamo dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Akishavuka safu ya milima ya Magaliesberg, ardhi hubadilika. Mchanga na kokoto hukoma, na mbele yake hutanda uwanda wa udongo mweusi, wenye nyasi na migunga iliyotawanyika, kuelekea miji ya Brits na Rustenburg.

Wakati wa ukavu udongo huo hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huweza kuzama ndani yake hadi begani. Mvua zikinyesha, nyufa hujifunga, udongo huvimba na kunata, ng'ombe hukwama na magari hushindwa kupita.

Wakulima wa huko huuita kwa Kiafrikana swart turf. Nchini Kenya hujulikana kama udongo mweusi wa pamba, na Tanzania ni udongo wa mbuga. Wanasayansi wameupa jina la vertisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa sababu ni udongo unaojigeuza wenyewe.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kuwa udongo wa aina hii umeenea katika hekta milioni 335 duniani. Sehemu kubwa iko Australia, India, Sudan na Ethiopia, na nyingi ya ardhi hiyo ni nyanda kavu za malisho.

Mwamba wenye kalsiamu na mvua haba

Udongo huu hautokei mahali popote. Huhitaji mambo matatu yakutane: mwamba wenye madini yanayofaa, mvua isiyo nyingi, na ardhi tambarare isiyotoa maji upesi.

Kaskazini mwa Magaliesberg mwamba huo ni sehemu ya kile kinachoitwa Bushveld, tabaka kubwa la miamba ya moto iliyopanda kutoka chini ya ardhi na kupoa miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita. Ni mwamba huo huo uliobeba madini ya platinamu ya Rustenburg. Una kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Mbele zaidi, katika uwanda wa Springbok Flats, udongo kama huo umetokana na miamba ya volkano iliyo changa kuliko hiyo.

Mwamba unapooza kwa karne nyingi, huachia kalsiamu, magnesiamu na silika. Katika nchi zenye mvua kubwa, madini hayo husombwa na maji yanayopenya hadi chini, na kinachobaki ni udongo mwekundu wenye tindikali, usiovimba.

Lakini mahali ambapo mvua ni milimita 600 hivi kwa mwaka, na jua hunyonya maji mengi kuliko yanayonyesha, madini hayaendi mbali. Hubakia pale pale na kuungana upya, yakiunda mfinyanzi wa namna ya pekee uitwao smektaiti. Ndio unaoupa udongo mweusi tabia zake zote.

Chembe inayokunywa maji

Mfinyanzi ni chembe ndogo sana, zenye kipenyo kisichofika milimita 0.002. Ili udongo uhesabiwe kuwa vertisoli ni lazima angalau asilimia 30 yake iwe mfinyanzi, na mara nyingi hupita nusu.

Chembe ya smektaiti imepangwa kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia, kurasa huachana na chembe huvimba. Maji yakitoka, kurasa hurudiana na chembe husinyaa. Gramu moja tu ya mfinyanzi huo, kurasa zake zote zikitandazwa, ina eneo linaloweza kufikia mita za mraba 800.

Kuvimba na kusinyaa kwa kila msimu huacha alama zake. Udongo mkavu wa juu huporomokea ndani ya nyufa. Mvua zinaporudi, udongo ulioongezeka kule chini hukosa nafasi ya kuvimba, na mabonge husukumana na kuteleza kwa mshazari. Nyuso zake husuguana hadi zikang'aa kama zilizopakwa mafuta. Kwa njia hiyo udongo wa juu hushuka na wa chini hupanda, na uso wa ardhi hufanya vilima na vishimo vidogo vidogo.

Rangi nyeusi huwadanganya wengi wakadhani kuwa ni dalili ya mboji nyingi. Kwa kweli mboji iliyomo kwa kawaida ni kidogo, ila imeshikamana mno na mfinyanzi.

Chokaa na magadi

Kwa kuwa kalsiamu haisombwi, udongo huu kwa kawaida ni wa alikali. Katika kipimo cha pH, ambapo 7 ni katikati, mwingi huwa kati ya 7 na 8.5. Akichimba shimo, mtu hukuta vipande vyeupe vya chokaa vilivyoganda kama changarawe katika tabaka za chini.

Alikali ya chokaa haina madhara makubwa. Kalsiamu hushikanisha chembe za mfinyanzi zikawa punje, na udongo ukikauka uso wake humung'unyika wenyewe bila jembe.

Hatari huanza pale sodiamu inapochukua nafasi ya kalsiamu. Hapo pH hupanda juu ya 8.5, chembe hutengana na kuelea ndani ya maji, kisha huziba matundu yote. Udongo ukikauka huwa na gamba gumu ambalo mbegu haiwezi kulipasua. Huo ndio udongo wa magadi, unaoonekana kama vipara vyeupe au vya kijivu katika mabonde ya nchi kavu.

Dawa yake inayojulikana ni jasi, ambayo huleta kalsiamu ya kuiondoa sodiamu. Lakini jasi peke yake haitoshi. Lazima yawepo maji safi ya kuiosha sodiamu hiyo na mahali pa kuyatolea, jambo ambalo ni gumu katika nchi ya ukame. Kwa hiyo kinga ni bora kuliko tiba: kutomwagilia kwa maji ya chumvi, na kutoiacha ardhi ikiwa tupu.

Nyasi tamu na nyasi chungu

Wafugaji wa Afrika Kusini wametofautisha malisho yao kwa muda mrefu katika makundi mawili. Nyasi chungu, kwa Kiafrikana suurveld, humea katika nchi za mvua nyingi na udongo uliooshwa. Hukua haraka, lakini zikikomaa hupoteza lishe. Nyasi tamu, soetveld, humea katika udongo wenye madini kama huu mweusi. Hata zikikauka hubaki na lishe, na mifugo huweza kuzila mwaka mzima.

Utamu huo una masharti yake. Mfinyanzi huyashika maji kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyomo haiwezi kunyonywa na mizizi. Mvua ndogo ikinyesha juu ya mchanga, nyasi huamka. Ikinyesha kiasi kile kile juu ya udongo mweusi, maji hubaki juu na kurudi angani kama mvuke. Hivyo katika mwaka wa ukame nyanda hizi huweza kuwa za kwanza kukauka, ingawa katika mwaka wa mvua njema hutoa majani mengi kuliko mchanga.

Miti nayo hupata taabu. Nyufa hukata mizizi, na ndiyo sababu migunga ya huko mara nyingi ni mifupi.

Chokaa ikizidi, fosforasi hufungwa na mimea haiipati. Afrika Kusini ililijua jambo la fosforasi kwa gharama kubwa. Mapema katika miaka ya 1920 daktari wa mifugo Sir Arnold Theiler, aliyeanzisha taasisi ya utafiti ya Onderstepoort karibu na Pretoria mwaka 1908, alichunguza na wenzake vifo vya ng'ombe katika malisho makavu karibu na Vryburg. Walibaini kuwa ng'ombe waliokosa fosforasi katika nyasi walikuwa wakitafuna mifupa ya mizoga, na humo wakala sumu iliyowaua. Kulishwa unga wa mifupa kuliwaokoa.

Nyumba zinazopasuka

Mjenzi anaujua udongo huu kwa sura nyingine. Nyumba ikijengwa juu yake, sakafu huizuia ardhi iliyo chini isipoteze maji kwa jua. Unyevu hukusanyika polepole katikati, udongo huvimba, na nyumba huinuliwa kama kofia huku pembe zake zikibaki chini. Kuta hupasuka kwa mshazari kutoka kwenye madirisha na milango. Bomba linalovuja au mti mkubwa uliopandwa karibu na ukuta huzidisha madhara.

Katika miaka ya 1950 tatizo hilo lilikuwa kubwa katika miji mipya ya migodi ya dhahabu ya Free State. Profesa Jere Jennings wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alikuwa miongoni mwa waliolitafutia elimu. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Knight walieleza namna ya kukadiria uvimbe kabla ya kujenga, kwa kupima vipande viwili vya udongo ule ule, kimoja kikiwa katika hali yake ya asili na kingine kikiwa kimelowekwa maji.

Leo viwanja nchini humo hupangwa katika madaraja kwa kadiri udongo unavyotarajiwa kupanda. Daraja la juu kabisa, H3, ni la viwanja vinavyoweza kuinuka zaidi ya milimita 30. Hapo msingi wa kawaida hautoshi: hujengwa jukwaa la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, udongo wa juu huondolewa, au nguzo hushushwa hadi kwenye tabaka lisilovimba. Kwa familia iliyotumia akiba yake yote kujenga, kupima udongo kabla ya kuchimba msingi ni gharama ndogo kuliko kuubomoa ukuta baadaye.

Mbuga za Afrika Mashariki

Habari hii si ngeni kwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha Amani, Tanganyika, aliona kuwa udongo hubadilika kwa mpango ule ule kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu juu, mweusi wa mbuga chini. Mwaka 1935 aliuita mfuatano huo katena, yaani mnyororo, na neno hilo hutumika hadi leo duniani kote. Neno mbuga nalo liliingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo.

Nchini Kenya, udongo mweusi umetanda kusini na mashariki mwa Nairobi kuelekea nyanda za Athi, ambako wajenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Huko Mwea, ugumu wake wa kupitisha maji umekuwa faida kwa wakulima wa mpunga.

Kusini-mashariki mwa Serengeti, majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai yameiacha ardhi ikiwa na alikali na tabaka gumu la chokaa lisiloruhusu miti kuota. Nyasi zake fupi zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, na ndiko nyumbu huenda kuzaa wakati wa mvua.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Kwa nyanda za udongo mweusi, jambo lililo muhimu ni wakati. Zikichungwa zikiwa tepetepe, kwato huushindilia udongo. Zikilishwa hadi kubaki tupu, gamba hutokea na maji ya mvua hupita juu bila kuingia. Mfugaji anayeiacha ardhi hiyo ipumzike wakati wa mvua, na kurudi nyasi zikishakomaa, huikuta bado ina chakula pale nyanda nyingine zilipokwisha kuchakaa.