Fairbanks hadi Nome: kilomita ngapi, saa ngapi?

Nimekuwa kimya kidogo, na sababu ni kijiprogramu nilichokuwa nikiandika cha kupima umbali kati ya miji miwili na muda wa kuruka kwa ndege.

Nilikijaribu kwanza na Lodwar na Mandera. Nilichukua tofauti za longitudo na latitudo, nikazidisha kila digrii kwa kilomita 111, kisha nikatumia kanuni ya Pythagoras tuliyofunzwa shuleni. Jibu: kama kilomita 700. Sawa kabisa, nikaringa. Halafu nikaingiza Fairbanks na Nome, kule Alaska, miji ambayo iko karibu kwenye latitudo moja, digrii 64 na kitu. Kikaniambia zaidi ya kilomita 1,960! Ukweli ni kama 840. Sisi watu wa ikweta husahau kwamba mistari ya longitudo hukaribiana unapoelekea ncha ya dunia. Kule digrii moja ni kilomita 48 hivi tu, kwa hivyo lazima uzidishe kwa kosaini ya latitudo.

Miji hiyo niliichagua kwa sababu ya kisa cha Januari 1925. Ugonjwa wa dondakoo ulizuka Nome, watoto wakaanza kufa, na daktari Curtis Welch akatuma telegramu kuomba dawa. Bahari ilikuwa imeganda. Barabara hakuna (hata leo hakuna inayounganisha Nome na Fairbanks). Dawa ikapatikana Anchorage. Sasa ipelekwe kwa ndege au kwa mbwa?

Kwenye karatasi ndege inashinda. Februari 1924 rubani Carl Ben Eielson alipeleka barua kutoka Fairbanks hadi McGrath kwa karibu saa tatu, safari iliyowachukua mbwa zaidi ya wiki mbili. Gawanya 840 kwa spidi ya kilomita 120 kwa saa, unapata saa 7, ukiacha kutua kuongeza mafuta. Lakini ndege zilizokuwa Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande kungoja baridi ipite. Tena rubani alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni, na mchana wenyewe ulikuwa wa saa chache. Ikianguka, dawa yote imepotea. Gavana Scott Bone akachagua mbwa, na kwa maoni yangu hesabu yake ilikuwa bora kuliko yangu.

Treni ilifikisha dawa Nenana, si mbali na Fairbanks, usiku wa tarehe 27 Januari. Waendeshaji 20 wa sleji wakapokezana, na mbwa kama 150. Leonhard Seppala, mbwa wake Togo akiongoza, alibeba dawa sehemu ndefu kuliko wote, kilomita 146 hivi, akikata juu ya barafu ya ghuba ya Norton. Gunnar Kaasen ndiye aliyeingia Nome tarehe 2 Februari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mbwa wake Balto akachongewa sanamu New York mwaka huo huo. (Togo aliyefanya kazi kubwa? Wacha tu.) Jumla ilikuwa saa 127 na nusu.

Kosaini nimeshaiweka. Nimeongeza pia nafasi ya kujaza umbali wa njia ya ardhini, maana kutoka Nenana hadi Nome kijiprogramu kinasema kilomita 780, na mbwa wale walikimbia 1,085.